Mabanda ya Wageni Yasiyokula Msitu



Ofisi yetu hupokea maombi yanayofanana kutoka pande zote za Shinyanga na Geita. Kamati inaandika kwamba parokia ina eneo zuri: miti imerudi, ndege ni wengi, na kuna miamba mikubwa ambayo mtu akipanda juu yake huona nchi yote. Nyingine ina kiwanja kinachotazama Ziwa Victoria. Kamati inaomba msaada wa kujenga nyumba ndogo za wageni ili watalii waje, na mapato yasaidie zahanati, ada za watoto yatima na kazi nyingine za parokia. Kutoka upande wa pili, wafadhili wanatuuliza: je, mradi huu utasimama kwa miguu yake, au ni jengo jingine litakalotiwa kufuli baada ya miaka 3?

Makala hii inajaribu kuwajibu wote wawili, na tunaanza na tukio dogo. Katika kikao kimoja kamati ilileta ramani nzuri ya mabanda 6 ya matofali ya kuchoma. Wajumbe wote waliisifu. Kisha mzee mmoja, mlinzi wa ngitili ya kijiji, akanyoosha mkono na kuuliza, "Hayo matofali yatachomwa kwa kuni za wapi?" Hakuna aliyemjibu. Ngitili ile ilikuwa umbali wa mita 300 tu kutoka pale tulipokaa. Ramani ikarudishwa kuchorwa upya.

Swali la mzee yule ndilo msingi wa kazi yote. Mgeni wa utalii wa asili haji kuona nyumba. Anakuja kuona msitu, ndege na ziwa. Nyumba ikila msitu ili isimame, imekula kile kile kilichomleta mgeni.

Tulichonacho kilipatikana kwa jasho

Wazee wetu wanaikumbuka Shinyanga ilivyokuwa. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa kwa wingi ili kuondoa mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na kuni zikaendelea kukatwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu, na ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa uwanda mtupu. Akina mama walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na wengine walipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tunaujua kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norwei. Mwanzoni mradi ulitilia mkazo vitalu na miche ya miti ya kigeni. Baadaye wataalamu waliwasikiliza wananchi, ambao walikuwa na njia yao tangu zamani. Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti vikue bila kuguswa, kisha linafunguliwa kiangazi kikali mifugo ipate malisho. Sheria zake zilisimamiwa na mikutano ya dagashida na walinzi wa sungusungu.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji 833. Tukumbuke kwamba Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule ulikuwa mpana: ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo tangu 2012 ziko Simiyu, pamoja na Bukombe, ambayo sasa iko Geita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN ulihesabu katika ngitili aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Ulikadiria pia kwamba faida ya ngitili kwa mtu mmoja ilikuwa kama dola 14 za Marekani kwa mwezi, ukijumlisha malisho, kuni, dawa, asali na mengineyo.

Kamati zisome takwimu hizi kwa makini. Aina 145 za ndege ni hazina kwa mgeni anayependa asili. Miongoni mwa ndege wa kanda hii wamo kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, ambao asili yao ni kaskazini mwa Tanzania na ambao miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi kuuzwa nje. Mgeni atasafiri kutoka mbali awaone wakiwa huru mtini. Lakini dola 14 zile ni za mama anayeokota kuni na mfugaji anayesubiri malisho. Mradi wa mabanda usiwanyang'anye hao ili umfurahishe mgeni.

Miti na dhahabu

Upande wa Geita na Kahama, miti ina mshindani mwingine. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Wa Buzwagi ulianza mwaka 2009 na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021, yaani miaka 12 tu. Kuizunguka migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo wengi. Kila shimo lao linahitaji magogo ya matimba ili kuta zisiporomoke, na kila kambi inahitaji mkaa wa kupikia na miti ya kujengea. Hatusemi haya kuwalaumu. Wengi wao ni waumini wetu, na ada za watoto wengi zimelipwa kwa mikono yao. Tunasema tu kwamba parokia ikiingia katika soko lile lile la magogo na kuni kwa ajili ya mabanda yake, itakuwa imeongeza shoka moja msituni.

Dhahabu ikishatoka ardhini hairudi. Ngitili hutoa kila mwaka kwa anayejizuia. Mabanda tunayoyazungumzia yafuate desturi ya ngitili.

Iko tahadhari nyingine kwa parokia za ukanda wa dhahabu. Mchanga wa marudio usitumiwe kufyatulia matofali wala kupiga lipu, hata ukipatikana bure. Unaweza kuwa na zebaki au sianidi. Vilevile banda lisijengwe chini ya mteremko wenye mialo ya kuoshea dhahabu, wala kisima cha wageni kisichimbwe hapo. Na kabla ya kuchora njia za kutembea wageni, wenyeji wazunguke eneo lote na kuonyesha mashimo yaliyoachwa wazi.

Mfano ulio karibu nasi

Si lazima twende mbali kutafuta mfano. Bujora, karibu na Kisesa nje kidogo ya Mwanza, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alifanya kazi na Wasukuma kuanzia miaka ya 1950 kujenga kanisa na makumbusho ya utamaduni wao. Kanisa lina umbo la mviringo linalokumbusha nyumba ya msonge, na jengo moja la makumbusho limechorwa kwa mfano wa kiti cha enzi cha mtemi. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, watu hukusanyika kwa ngoma za Bulabo, ambapo vyama vya Wagika na Wagalu hushindana. Wageni wamekuwa wakienda Bujora kwa miaka mingi, na wengine wamelala pale pale katika vijumba vya wageni.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, umbo la jengo lilitoka kwa wenyeji, nalo likawa sehemu ya kile ambacho mgeni anakuja kukiona. La pili, malazi yalifuata baada ya jambo lenyewe. Kwanza kulikuwa na ngoma, historia na watu wa kuieleza. Kitanda kilikuja kumsaidia aliyekwisha kufika. Kamati nyingi zinaanza na kitanda.

Jambo hilo hilo linaonekana Rubondo. Kisiwa hicho, ambacho sasa kiko Mkoa wa Geita, kilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977. Kati ya 1966 na 1969 sokwe wapatao 17 waliotoka katika bustani na maonyesho ya wanyama ya Ulaya waliachiwa huko na Shirika la Wanyama la Frankfurt, chini ya Profesa Bernhard Grzimek. Uzao wao unaishi porini hadi leo, pamoja na nzohe, ambao ni wenyeji wa mabwawa ya kisiwa hicho. Mwaka 2019 ilitangazwa pia Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, upande wa magharibi. Parokia ya mwambaoni haiwezi kushindana na hifadhi hizo, wala haina haja. Inaweza kumpokea msafiri anayesubiri mtumbwi au gari, kumlaza mahali safi, na kumwonyesha maisha ya wavuvi na wakulima ambayo ndani ya hifadhi hayapo. Tusisahau kwamba kabla Rubondo haijawa hifadhi, watu waliokuwa wakiishi kisiwani walihamishwa. Utalii unaowapa wenyeji wa mwambao kipato halali ni haki yao pia.

Kabla ya kuchora ramani

Kwanza, ardhi. Kama eneo ni la kijiji, linasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji vihusishwe mapema, na makubaliano yaandikwe. Neno la mdomo la mwenyekiti halitoshi, hata kama ni muumini mwenzetu. Kama kuna msitu wa kijiji, Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuuhifadhi rasmi, na ni vizuri hilo lifanyike kabla ya jengo.

Pili, umbali na maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Banda linalojengwa mchangani kabisa ili mgeni asikie mawimbi ni kosa, na choo chake kitatiririka kwa wavuvi. Ofisi ya mazingira ya wilaya iulizwe mapema ni taratibu zipi za NEMC zinauhusu mradi, na ofisi ya utalii iulizwe juu ya leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008.

Tatu, udongo. Wakulima wa Kisukuma wanaujua udongo kwa majina na kwa mteremko. Juu, karibu na miamba, kuna luseni, udongo wa kichanga. Ukishuka unakuta itogolo na ibambasi, ambao hukauka na kuwa mgumu kama saruji. Chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba ndogo ya bei nafuu isijengwe kwenye mbuga. Kuta zitapasuka hata fundi awe hodari. Ijengwe kwenye luseni, na mbuga iachiwe mpunga na malisho. Wazee wa mahali wakiulizwa watalionyesha eneo hilo kwa dakika 5.

Banda lenyewe

Tuchukue mfano wa banda la watu 2, lenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 5, na baraza mbele.

Msingi uwe wa mawe, ambayo Mungu ametujalia kwa wingi. Uinuke walau sentimita 45 juu ya ardhi ili maji ya mvua yasilowanishe ukuta na mchwa waonekane wakipanda. Mbao yoyote isiguse udongo.

Ukuta uwe wa matofali ya udongo na saruji yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, ambayo hayachomwi. Yale ya kufungamana, yaliyoenezwa nchini na Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulioanzishwa mwaka 2001, yana urefu wa sentimita 30, upana 15 na kimo 10. Hupangwa bila chokaa nyingi, hivyo saruji huokolewa mara ya pili. Mita moja ya mraba huhitaji matofali 33 hivi. Banda letu lina mzunguko wa mita 18. Kuta zikiwa na kimo cha mita 2.5, na ukitoa mlango na madirisha, zinabaki mita za mraba 40. Hayo ni matofali kama 1,320. Tuseme 1,400 pamoja na yatakayovunjika. Kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa udongo 12, mfuko wa kilo 50 hutoa matofali 70 hadi 80. Basi ukuta wote unahitaji mifuko kama 19, na kuni sifuri.

Udongo upimwe kwanza. Jaza udongo nusu chupa ya maji iliyo wazi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, kisha iache usiku kucha. Mchanga utatua chini na mfinyanzi juu. Mchanga ukizidi nusu kidogo, udongo unafaa. Mfinyanzi ukizidi, changanya na mchanga. Matofali yafunikwe na yamwagiwe maji kwa siku 7 au zaidi. Fundi mwenye haraka ya kuyaanika juani atawapa matofali yanayomomonyoka.

Umbo je? Msonge wa mviringo unapendeza, na wageni wataupenda. Lakini matofali haya yamenyooka, kwa hiyo mviringo unahitaji kalibu maalumu na fundi aliyezoea. Njia ya kati ni kujenga vyumba vya kulala kwa pembe nne, na kujenga msonge mmoja wa wazi wa kulia chakula na kusimulia hadithi, ambao wazee wa kijiji ndio watakaoongoza ujenzi wake. Hapo ujuzi wao utalipwa na vijana watajifunza.

Paa ndilo lenye ubishi zaidi. Nyasi huleta ubaridi, zinatoka ngitilini, na kuzikata kwa wakati wake ni kipato kwa akina mama. Lakini zinahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, ni hatari wakati wa moto wa kiangazi, na hazitoi maji safi. Kwa vyumba vya kulala tunashauri bati, na chini yake dari ya mikeka au mabua yenye nafasi ya hewa kupita, ili chumba kisiwe tanuri mchana. Nyasi ziezekwe kwenye msonge wa chakula. Miti ya paa itoke kwenye miti ya kupandwa, kama mikaratusi na mijohoro ya shamba la parokia au la shule. Parokia isiyo na shamba la miti ianze na shamba hilo. Ikibidi kusubiri miaka michache, isubiri.

Kuta fupi zielekee mashariki na magharibi ili jua lipige sehemu ndogo. Madirisha yatazamane hewa ipite, na yawe na nyavu za mbu.

Maji, choo na moto

Paa la banda letu pamoja na baraza lina kama mita za mraba 47. Katika mwaka wenye mvua ya milimita 600, ambayo kwa Shinyanga ni kidogo, na tukihesabu kwamba sehemu moja katika tano hupotea, paa hilo litakusanya lita 22,500 hivi. Tuseme wageni 2 wanatumia lita 80 kwa siku. Kiangazi ni miezi 5. Banda likiwa na wageni usiku mmoja katika kila mitatu, hizo ni siku 50 na lita 4,000. Tanki la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa masika litatosha bila kumnyima mwanakijiji ndoo moja. Faida nyingine ni kwamba visima vingi vya Shinyanga vina madini ya floridi kupita kiasi, yanayoharibu meno na mifupa ya watoto. Maji ya mvua hayana tatizo hilo, na tanki la pili linaweza kuwekwa shuleni kwa fedha za wageni wa kwanza.

Hesabu hii inaharibika mara moja ukiweka choo cha kuvuta. Kila kuvuta kunakula lita 9 hivi. Watu 2 wakivuta mara 5 kila mmoja, ni lita 90, zaidi ya matumizi yao mengine yote. Choo kikavu, kinachotenganisha mkojo na kinyesi na kutumia majivu, hakihitaji maji wala hakichafui ziwa. Kikijengwa vizuri chenye bomba la hewa hakinuki. Baada ya kukaa mwaka mzima au zaidi kikiwa kimefungwa, kilichomo huwa mbolea ya miti.

Taa ziwe za sola. Maji ya kuoga yapashwe na jua katika pipa jeusi juu ya mnara mfupi. Jikoni pawe na gesi au majiko banifu, mkaa usinunuliwe. Mgeni akiona gunia la mkaa nyuma ya jiko, mafundisho yetu yote juu ya miti yamekwisha.

Hesabu ya vitanda

Yesu anatukumbusha katika Luka sura ya 14 kwamba mwenye nia ya kujenga mnara hukaa kwanza akapiga hesabu, asije akawa kichekesho cha jirani. Tufanye hivyo kwa mfano tu. Kila kamati iweke bei za mahali pake.

Tuseme kuna mabanda 2. Kwa mwaka ni usiku 730 wa kuuza. Shinyanga haiko katika njia kuu ya watalii, hivyo tuseme tunauza usiku mmoja katika kila mitano, yaani 146. Bei ikiwa shilingi 40,000, na sabuni, kufua, gesi na chai vikigharimu 15,000, kila usiku unabakiza 25,000. Kwa mwaka ni shilingi 3,650,000. Mhudumu mmoja wa kudumu akilipwa 200,000 kwa mwezi, anachukua 2,400,000. Inabaki 1,250,000. Hapo toa matengenezo kwanza. Kinachobaki ndicho cha zahanati.

Sasa tuseme tumejenga mabanda 6. Vitanda vimeongezeka mara 3, lakini wageni hawaongezeki kwa sababu tu tumeongeza vitanda. Usiku ni ule ule 146. Wahudumu lazima wawe 2, mishahara ni 4,800,000, na tumepata hasara ya 1,150,000 kabla ya kupaka rangi paa hata moja. Wengi wamefungiwa mradi na hesabu hii, si na ukosefu wa imani.

Kwa hiyo anzeni na banda 1 au 2. Yakijaa kwa misimu miwili mfululizo, jengeni la tatu kwa mapato yenyewe. Wageni wa kwanza wasiwe watu wa kufikirika. Wahesabiwe: wanafunzi wa vyuo, watu wa mafungo ya kiroho, wageni wa hospitali na migodi wanaotafuta utulivu mwisho wa wiki, Watanzania wapenda ndege, na marafiki wa parokia dada. Kijana mmoja au wawili wafundishwe kutambua ndege na miti kwa Kisukuma, Kiswahili na Kiingereza. Mgeni atasahau rangi ya shuka, lakini hatamsahau kijana aliyemwonyesha kiota.

Kwa wafadhili wetu

Tunawaomba jambo ambalo si la kawaida: msitoe zaidi ya kile kamati inachoweza kukitunza. Ni rahisi kupata fedha za mabanda 6 na sherehe ya uzinduzi, na ni vigumu kupata fedha za mashine moja ya matofali, mafunzo ya fundi, tanki na miche. Lakini mashine hiyo baada ya mabanda itafyatua matofali ya nyumba ya mwalimu na choo cha shule, na kila tofali litakuwa kuni ambazo hazikukatwa. Ombeni pia taarifa ya miti kila mwaka pamoja na taarifa ya fedha: imekatwa mingapi, imepandwa mingapi, imepona mingapi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mgeni atakuja kuona nini hapa petu, na nani atamweleza?

2. Kila mti, kila mfuko wa saruji na kila ndoo ya maji ya mradi huu itatoka wapi?

3. Nani anatumia eneo hili sasa kwa kuni, malisho au dawa, naye anasemaje?

4. Mabanda yakikaa mwaka mzima bila mgeni, yatatumika kwa kazi gani?

5. Sehemu gani ya mapato itakwenda kwa walinzi wa ngitili, na imeandikwa wapi?

Kamati itakayoweza kujibu maswali haya matano kwa maandishi, ituletee ombi lake; tutakaa nalo pamoja kabla ya kuchora mstari wowote. Itakayoshindwa kujibu la pili isikate tamaa. Ianze na kitalu cha miche mvua zijazo.

Yule mzee mlinzi wa ngitili sasa ni mjumbe wa kamati yake. Ramani mpya ina mabanda 2, na shamba la mijohoro limechorwa kabla ya banda la kwanza.